Uchawi wa eneo: mchawi mwenyewe anaungua au haungui? Tulinganishe D&D ya 2014, ya 2024, Pathfinder 2 na ile ya kale

Kete_Ishirini
Wakuu, habari za jioni. Naendesha meza ya watu watano, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, na Jumamosi tumebishana mpaka chai ikapoa. Mchawi wetu kashuka pishi la mnara, panya wakubwa wamemzingira pande zote. Kapiga Thunderwave, uchawi wa wimbi la ngurumo, anasema wimbi linatoka mwilini mwake kwenda kila upande, kwa hiyo panya wote wanasukumwa. Mwenzake kadakia: "Kama ni kila upande, na wewe umo ndani. Tupa dadu ya kuponea, tuone unaumia kiasi gani."
Tatizo, mmoja ana kitabu cha kanuni cha 2014, wawili wana cha 2024, mwingine katokea Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo. Nataka kanuni moja kwa meza nzima. Mngechagua ipi?

fundi_wa_ramani
Mkuu, hapo wote wawili wamekosea.
Thunderwave ni mchemraba wa futi 15. Katika 2014, na 2024 ni vilevile, chanzo cha mchemraba (nukta eneo linapoanzia) hukaa kwenye uso wake mmoja, hakikai katikati. Kwa hiyo mchawi anachagua upande: mbele, nyuma, kushoto, kulia, hata juu. Panya wa upande huo wanapata dadu 2 za pande nane, na anayeshindwa kuponea anasukumwa futi 10. Wa mgongoni hawaguswi. Na mchawi haguswi, kwa sababu kwenye mchemraba, koni na mstari, chanzo hakihesabiki kuwa ndani ya eneo mpaka mrushaji atake mwenyewe.
Tufe na silinda ni kinyume: chanzo kimo ndani. Ndiyo maana ukiilipua Fireball, ule mpira wa moto wenye umbo la tufe, miguuni pako, unaungua kama mtu mwingine yeyote.

Bi_Shoka
Hilo la Fireball nimelilipia 😭
Nilikuwa na mchawi wa Evocation (tawi la uchawi wa nguvu kama moto na radi), levo ya 5, uhai 32, kanuni za 2014. Nikajua nina Sculpt Spells, uwezo wa kukinga watu na uchawi wangu, basi mimi ni mfalme. Tumebanwa chumbani, nikailipua katikati yetu, nikawakinga wenzangu wanne (1 kujumlisha levo ya uchawi, ambayo ni 3). Wote wazima, hata nywele hazijaungua. DM (mwendesha mchezo) akaniuliza, "Na wewe?" Nikamjibu najikinga. Akanisomea: unachagua kati ya viumbe *wengine* unaowaona. Wengine! Dadu 8 za pande sita, wastani 28, mimi nikapata 35 na kuponea nikashindwa. Nimelala chini, wenzangu wamesimama wananitazama.
Kwa hiyo msiangalie umbo tu. Uwezo wa kukinga marafiki si lazima ukukinge wewe.

Mzee_wa_Karatasi
Vijana mnadekezwa. Mchawi kuogopa uchawi wake ndiyo ladha yenyewe.
Kwenye AD&D, lile toleo la kale, kitabu cha wachezaji cha 1978, Fireball haikuwa duara la kuchora kwenye ramani. Ilikuwa ujazo: kama futi za ujazo 33,000, na moto unafuata umbo la mahali. Sasa piga hesabu. Mko kwenye njia ya chini ya ardhi, upana futi 10, kimo futi 10. 33,000 gawanya kwa 100 unapata futi 330, yaani 165 kila upande. Mchawi wa levo ya 5 akiwa ndani ya jengo anaitupa mwisho futi 150. Maana yake hata aitupe mbali kadiri anavyoweza, moto unamrudia.
Lightning Bolt nayo ikigonga ukuta wa mawe kabla ya kumaliza urefu wake, inageuka kuelekea kwa aliyeirusha. Radi ya futi 80, ukuta uko futi 30 kutoka inapoanzia, basi 50 zilizobaki zinarudi. Tulikuwa tunapima vyumba kwa rula kabla mchawi hajafungua mdomo.

Bi_Shoka
Shikamoo mzee. Na huo muda wa rula wengine mlikuwa mnafanya nini?

Mzee_wa_Karatasi
Marahaba binti. Tunakula.

kobe_mwepesi
Mimi ndiye yule wa Pathfinder kwenye kila meza 😂
Pathfinder 2 ya 2019 ilishalimaliza hili. Eneo linaloanzia mwilini na kusambaa pande zote lina jina lake na kanuni yake: mrushaji anaamua kama aliye katikati anaguswa. Umbo la koni nalo haliruhusiwi kulalia nafasi yako. Lakini mlipuko kama Fireball hauna huruma: ukisimama ndani, umo. Dadu ni 6 tu badala ya 8, ila ukishindwa vibaya sana unaumia mara mbili.
D&D ya 2024 imeleta kitu kama hicho: wanakiita Emanation, na chanzo hakimo mpaka mrushaji atake.

Kete_Ishirini
Hapo kwenye 2024 ndipo ninapokwama. Antimagic Field sasa ni Emanation ya futi 10. Chanzo hakimo ndani. Ina maana mchawi anatembea na uwanja unaozima uchawi wa wote, huku yeye katikati anarusha wake?

fundi_wa_ramani
Ukisoma neno kwa neno, mlango huo upo. Ila uchawi wake bado hauwezi kumgusa aliye ndani ya uwanja. Mimi mezani kwangu nimeufunga kabisa: anayeuwasha Antimagic Field yumo. Toleo la 2014 halikuwa na utata, ni tufe linalokuzunguka, na tufe lina chanzo chake ndani.
Kwa Spirit Guardians, uchawi wa mizimu inayomzunguka kasisi na kuumiza maadui, Emanation imesaidia sana. Zamani kila kikao mtu aliuliza kama kasisi anajiumiza na mizimu yake.

kobe_mwepesi
Na msisahau zisizoumiza. Silence (tufe la ukimya) ukiisimamia ndani, uchawi wako wa kutamka umekufa. Hypnotic Pattern (mchoro wa kuduwaza) ukiwa ndani ya mchemraba wake na macho wazi, unaduwaa kama adui.

Kete_Ishirini
Nimeamua. Maeneo yanayoanzia mwilini: kanuni ya 2024, isipokuwa Antimagic Field. Yanayolipuka kwa mbali: ukisimama ndani, unaungua. Radi ya mzee inayorudi nitaiweka kwenye pango moja tu, na nitawaonya kabla.
Kuhusu panya: wa mbele wamesukumwa, wawili wa mgongoni wapo palepale na zamu ni yao. Na ngurumo ya Thunderwave inasikika futi 300, kwa hiyo mnara mzima umeamka. Jumamosi tunaanzia hapo.