Naomba ushauri: dalali wa hisa anasema muda wangu wa usuluhishi umekwisha

Habari zenu wanachama. Niko Kondele, Kisumu, na naombeni msaada kwa aliyewahi kupitia haya au anayeijua sheria.

Nilinunua hisa za Safaricom mwaka 2008, zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5. Mwezi Machi 2019 dalali wangu aliuza baadhi ya hisa hizo bila idhini yangu. Sikujua kitu. Taarifa zilikuwa zikienda kwa sanduku la posta nililoliacha zamani, na hilo ni kosa langu. Niligundua Juni 2023 nilipoomba taarifa ya akaunti yangu ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayohifadhi hisa zangu.

Mkataba wetu unasema mizozo iende kwa msuluhishi, yaani mtu anayeteuliwa kuamua mzozo nje ya mahakama. Nimeandika barua mbili, nikapeleka na malalamiko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sasa dalali amejibu kwamba nimechelewa, kwani Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, na usuluhishi nao unabanwa na sheria hiyo. Lakini sheria hiyohiyo inasema palipo na ulaghai, muda huanza mtu anapougundua, au alipoweza kuugundua kwa uangalifu wa kawaida. Hapo ndipo nimeshikilia.

Je, kuuza bila idhini kunatosha kuitwa ulaghai, au lazima nithibitishe alinificha kwa makusudi? Na yale malalamiko kwa Mamlaka yalisimamisha muda, au ilinipasa kumpa dalali notisi rasmi ya kuteua msuluhishi?

Hizo ndizo zilikuwa karo za wanangu. Nitashukuru sana.