Mawakala watatu wa AI, kontena tatu, laptopu moja ya GB 16: nipange vipi?

mjenzi_wa_mifumo

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa yeyote anayefanya kazi na mawakala wa AI (programu zinazoandika msimbo na kuendesha amri zenyewe) ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa na mashine yenyewe.

Niko Singida, natengeneza mfumo wa ankara kwa chombo cha watumia maji vijijini. Msoma mita anaingiza usomaji kwa simu, mfumo unakokotoa bili, mteja anapata SMS. Ni Django na PostgreSQL, mbele kuna Vue. Niko peke yangu kwenye kazi hii, ndiyo maana nimeanza kuwatumia mawakala wa kuandika msimbo, na sasa nataka watatu wafanye kazi kwa wakati mmoja: wa kwanza anashughulikia bei kwa uniti, wa pili ripoti za PDF, wa tatu anaandika majaribio. Kila mmoja nimempa kontena yake, na zote nazisimamia kwa Docker Desktop, programu yenye madirisha ya kuendeshea kontena, kwa sababu napenda kuona kwa macho kipi kinawaka na kipi kimezimika.

Laptopu ni Windows 11, RAM GB 16. Yanayonisumbua ni haya.

Nikiwasha zote tatu, mashine inakuwa nzito hadi kipanya kinakwama. Task Manager inaonyesha VmmemWSL imekula karibu GB 8. Ndani ya Docker Desktop sioni pa kuipunguza.

Diski C imejaa. Nimefuta imeji (vifurushi ambavyo kontena huanzishwa navyo) nyingi kwenye programu, lakini nafasi haikurudi.

Halafu hili ndilo kubwa: nimechoka kubofya "ruhusu" kila wakala anapotaka kuendesha amri. Kwa kuwa yuko ndani ya kontena, naweza kuzima maombi ya ruhusa nikalala? Folda ya mradi nimeipachika nzima kutoka `C:\miradi\maji`, na hifadhidata ya majaribio ni nakala ya ile halisi, ili ripoti zitoke na takwimu za kweli.

Na bando jamani. Kila nikijenga upya imeji, maktaba zote zinapakuliwa tena.

kijiti

Kaka, jaribu Podman Desktop. Inatokana na kazi ya Red Hat, ni bure kwa kila mtu, msimbo wake uko wazi, na kontena zake unaweza kuziendesha bila root, yaani bila mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Docker Desktop nayo ni bure kwako ukiwa peke yako, lakini kampuni ikifikisha wafanyakazi 250 au mapato ya dola milioni 10 kwa mwaka, inatakiwa kulipia. Bora ujue mapema kama utauza mfumo kwa taasisi kubwa.

bi_terminali

Kijiti, Podman Desktop naipenda pia, ila kwa Windows nayo kwa kawaida inapita kwenye WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kwa hiyo RAM na diski vitamsumbua vilevile.

Mjenzi, hongera kwa kazi hiyo, watu wa vijijini wanaihitaji. Naanza na swali lako la kulala, maana ndilo linalonitia wasiwasi. RAM na diski ni mambo ya dakika chache.

Kabla hujaendelea kusoma, fungua Docker Desktop, bofya kontena ya wakala wa ripoti, ingia kichupo cha Exec, kisha andika:

```
whoami
env
ls -la /kazi
```

Badala ya `/kazi` weka njia uliyopachika mradi wako. Hapo umekaa palepale anapokaa wakala, na unachokiona ndicho anachokiona. Nina hakika `.env`, faili la funguo na nenosiri za mfumo, imo kwenye orodha, kwa sababu umepachika folda nzima. Ina maana ufunguo wa SMS na nenosiri la lango la malipo viko mikononi mwake. Kisha nenda kichupo cha Bind mounts, utaona `C:\miradi\maji` imeandikwa pale: akifuta kitu ndani ya `/kazi`, kimefutika kwenye diski yako, kontena iwepo isiwepo.

Wakala hana haja ya kuwa na nia mbaya. Anasoma mafaili mengi, anasoma maelezo ya maktaba, anasoma kurasa za mtandaoni. Mtu akipandikiza humo sentensi ya kumwelekeza atume yaliyomo kwenye `.env` kwa anwani fulani, na wewe umeshazima maombi ya ruhusa, hakuna wa kumzuia. Chochote anachokisoma pia kinakwenda kwenye seva za mwenye modeli kama sehemu ya mazungumzo.

Hapo ndipo ile nakala ya hifadhidata halisi inaponisikitisha. Humo mna majina ya wateja, namba zao za simu, na nani anadaiwa kiasi gani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023, na inagusa pia kusafirisha taarifa nje ya nchi. Hata kama sheria isingekuwepo, bibi wa kijijini aliyetoa namba yake ili apate bili ya maji hakuitoa kwa ajili hii. Nakuomba uifute leo. Andika skripti fupi inayozalisha wateja wa kubuni elfu tano wenye usomaji wa mita unaopanda na kushuka. Ripoti zako zitatoka vizuri tu, na utaweza kuweka makusudi mita iliyorudi nyuma au mteja asiyesomwa miezi mitatu, visa ambavyo kwenye data halisi utavisubiri sana.

Sasa mpangilio. Ndani ya Ubuntu ya WSL, si kwenye C, tengeneza repo (ghala la msimbo la git) ya kati:

```
git init --bare ~/maji.git
```

Sukuma humo msimbo wako bila `.env`, na hakikisha haijawahi kuingia kwenye historia ya git. Kila wakala apate voliumu yake (hifadhi ya Docker inayobaki hata kontena ikifutwa), humo a-clone kutoka repo ya kati, afanye kazi kwenye tawi lake, asukume hukohuko. Ufunguo wako wa GitHub hauingii kwenye kontena yoyote. Wewe ndiye unayevuta matawi, unasoma mabadiliko, na kusukuma GitHub. Kwenye compose, faili linaloorodhesha kontena na mipangilio yake, inakuwa hivi:

```
services:
  ripoti:
    build: .
    user: "1000:1000"
    mem_limit: 1500m
    cpus: 2
    pids_limit: 300
    ports:
      - "127.0.0.1:8002:8000"
    env_file: .env.majaribio
    volumes:
      - kazi-ripoti:/kazi
      - /home/mimi/maji.git:/hazina

volumes:
  kazi-ripoti:
```

Weka jina lako la WSL badala ya `mimi`. Kwenye Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji), tengeneza `/kazi` na uikabidhi kwa mtumiaji 1000 mapema, la sivyo voliumu itazaliwa ikiwa mali ya root na wakala hataweza kuandika. Ile `127.0.0.1` usiiache: ukiandika `8002:8000` peke yake, poti inafunguka kwenye anwani zote za mashine, na ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli jirani anaweza kuufungua mfumo wako. Ndani ya `.env.majaribio` weka funguo bandia, na SMS ziandikwe kwenye faili la logi badala ya kutumwa.

Kitu kimoja usikubali hata wakala akikuomba kwa heshima zote: kupachika `/var/run/docker.sock` ndani ya kontena. Mwenye soketi hiyo anaweza kuanzisha kontena nyingine na kupachika humo chochote anachotaka kutoka kwenye mashine yako. Kuta zote ulizojenga zinakuwa hazina kazi.

Kuhusu mtandao, Anthropic wametoa mfano wa kontena kwa ajili ya Claude Code, wakala wao wa kuandika msimbo, una skripti iitwayo `init-firewall.sh`. Inatumia iptables na ipset kufunga kila kitu, kisha inafungua anwani chache tu kama GitHub, ghala la npm na API yao. Isome, ongeza PyPI, ghala la maktaba za Python, kwa ajili ya Django yako. Wao wenyewe wanaonya kwamba hata humo, mradi wenye nia mbaya unaweza kuiba chochote kinachofikika ndani ya kontena, pamoja na kitambulisho chako cha kuingia. Kwa hiyo ukishafunga mtandao, ukaondoa funguo na kuondoa data za watu, zima maombi ya ruhusa. Kabla ya hapo, endelea kubofya, hata kama kunachosha.

Tukirudi kwenye RAM: kwa kawaida WSL 2 inajiruhusu nusu ya RAM ya mashine, ndiyo hizo GB 8 zako, na haipunguzwi ndani ya Docker Desktop. Tengeneza faili `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji wa Windows:

```
[wsl2]
memory=6GB
processors=4
swap=4GB
```

Funga Docker Desktop, andika `wsl --shutdown` kwenye PowerShell, kisha uiwashe tena. Fungua kichupo cha Stats cha kila kontena uone mlaji ni nani. Modeli yenyewe iko kwenye seva za mbali, kwa hiyo wakala si mzito kiasi hicho. Nadhani utakuta PostgreSQL tatu na seva tatu za Vue. Baki na PostgreSQL moja yenye hifadhidata tatu, kila wakala na mtumiaji wake na nenosiri lake, asiweze kufuta ya mwenzake.

Diski: ukifuta imeji, nafasi inarudi ndani ya diski pepe, lakini faili lake la `.vhdx` upande wa Windows, hasa kama Docker Desktop uliisakinisha zamani, huenda lisinywee lenyewe. Anza na `docker system df` uone kilichojaa, mara nyingi ni kashe ya ujenzi, na hiyo unaiondoa kwa `docker builder prune`. Voliumu usiziguse, ndimo zilimo hifadhidata na kazi za mawakala. Kisha zima WSL kama nilivyosema, fungua PowerShell kwa Run as administrator, ingia `diskpart`:

```
select vdisk file="njia\ya\docker_data.vhdx"
attach vdisk readonly
compact vdisk
detach vdisk
```

Faili hilo litafute chini ya `AppData\Local\Docker\wsl`.

Na tafadhali, Docker Desktop itumie kwa kuona, kusimamisha na kuingia ndani kukagua. Mazingira yenyewe yakae kwenye Dockerfile na compose, ndani ya git. Kontena iliyozaliwa kwa kubofya huwezi kuirudisha jinsi ilivyokuwa, na ukiajiri kijana mwakani hutakuwa na cha kumpa.

wa_kilwa

Dada kamaliza, mimi naongezea ya bando tu, maana huku nayajua maumivu yake.

Kaka, angalia Dockerfile yako. Kama `COPY . .` iko juu ya `pip install`, basi ukibadilisha hata herufi moja ya msimbo, tabaka la maktaba linajengwa upya lote. Geuza hivi:

```
COPY requirements.txt .
RUN --mount=type=cache,target=/root/.cache/pip \
    pip install -r requirements.txt
COPY . .
```

Sasa maktaba zinasakinishwa upya pale tu `requirements.txt` inapobadilika, na hata hapo zile zilizokwisha kupakuliwa zinatoka kwenye kashe. Kumbuka `docker builder prune` inaifuta kashe hii pia, kwa hiyo iendeshe siku ukiwa na intaneti ya bei nafuu. Imeji ya msingi tumia ya `slim`, ni ndogo sana kuliko ile kamili.

Mawakala wote watatu watumie imeji moja, usijenge tatu. Na kama una rafiki mwenye faiba ofisini, ajenge yeye, kisha `docker save -o maji.tar maji:dev`, akuletee kwa flashi, wewe `docker load -i maji.tar`. Sisi huku tunapeana imeji hivyo.

mjenzi_wa_mifumo

Dada bi_terminali, shikamoo. Kaka wa_kilwa na kijiti, nashukuru sana.

Nakala ya hifadhidata halisi nimeifuta, na skripti ya wateja wa kubuni nimeshaianza. Kwenye Exec niliandika `env` kama ulivyosema, nikaona nenosiri la lango la malipo limeandikwa wazi kabisa. Nimelibadilisha upande wa mtoa huduma pia.

RAM imetulia: kontena zote tatu zinawaka na kivinjari kimefunguliwa, na kipanya hakikwami.

Maswali mawili. Kwa nini clone na si `git worktree`? Nilisoma kwamba worktree ndiyo njia ya kuwapa mawakala folda tofauti. Na umeme ukikatika huku nao wanafanya kazi, napoteza nini? Betri ya laptopu hii haikai.

bi_terminali

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kulibadilisha kule kwa mtoa huduma, kulifuta kwenye faili peke yake kusingetosha.

Worktree ni nzuri mawakala wakiwa nje ya kontena. Ila ndani ya folda ya worktree, `.git` ni faili dogo la mstari mmoja linaloonyesha njia ya repo kuu, mfano `gitdir: /home/mimi/maji/.git/worktrees/ripoti`. Ukipachika folda hiyo peke yake kwenye kontena, njia hiyo haipo humo, na kila amri ya git inagoma. Ukiamua kupachika na repo kuu ili isigome, umeshamfungulia wakala repo unayofanyia kazi wewe mwenyewe. Clone inakula nafasi kidogo zaidi, lakini kwa mradi kama wako hutaisikia.

Umeme: voliumu zinabaki kwenye diski, na PostgreSQL inajirekebisha yenyewe kutoka kwenye logi zake inapowashwa. Kinachoweza kupotea ni mazungumzo yaliyokuwa yanaendelea na lile faili alilokuwa analiandika sekunde hiyo. Weka kwenye maelekezo ya kila wakala afanye commit kila jaribio linapopita, na asukume `/hazina`. Hifadhidata na seva zipe `restart: unless-stopped`, zitarudi Docker Desktop ikiwaka. Mawakala wenyewe usiwawekee. Umeme ukirudi saa nane usiku, ni bora wakusubiri uamke, usome `git log` ya kila tawi, ndipo uwaambie waendelee.