Kwa nini kundi kubwa la madoa ya Jua lilishindwa kurusha wingu?

Mdadisi
Habari zenu, wadau. Mwezi Oktoba 2014 eneo amilifu namba 12192, kundi kubwa la madoa kuliko yote ya mzunguko wa 24 wa Jua (kipindi cha takribani miaka 11 ambamo madoa huongezeka kisha hupungua), lilitoa mimweko sita, yaani milipuko ya mnururisho, ya daraja la X lililo kali kuliko yote, na hakuna hata mmoja uliotupa angani wingu la plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme. Eneo 11158, dogo kwa mbali, lilitoa mmweko wa X2.2 tarehe 15 Februari 2011 na wingu likaja upande wetu. Je, ukubwa hauna maana?

Mzee Falaki
Ndugu Mdadisi, ukubwa hueleza wingi wa sumaku iliyopo, lakini kinacholipuka ni nishati ya ziada inayohifadhiwa pale uga wa sumaku unapopindwa na kusokotwa. Tazama mstari unaotenganisha ncha ya sumaku ya kaskazini na ya kusini ndani ya kundi la madoa: katika eneo tulivu uga huuvuka moja kwa moja, ilhali katika eneo la hatari hulala karibu sambamba nao, kwa kuwa madoa ya pande hizo mbili yamesuguana yakipita kwa siku kadhaa. Ndiyo maana kundi la delta, ambamo viini vyeusi vya ncha zinazopingana hubanana ndani ya kivuli hafifu kimoja, huogopwa kuliko doa pana lililokaa peke yake.

Bi Nyota
Naongeza la juu ya doa, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalojibu swali hasa. Kamba ya sumaku, yaani fungu la uga lililosokotwa, hufunikwa na matao ya uga yanayoikandamiza, nayo huponyoka ikifika kimo ambapo nguvu ya matao hayo inapungua upesi kadiri mtu anavyopanda. Juu ya 12192 matao yalikuwa imara hadi mbali, na msokoto wa chini ulikuwa hafifu; mmweko ukawaka, kamba isitoke.

Mdadisi
Ahsanteni. Basi ramani za sumaku zatosha kutabiri?

Mzee Falaki
Zasaidia, hazitoshi. Chombo cha HMI kilichomo katika SDO, setilaiti inayochunguza Jua, hupima mwelekeo wa uga kila dakika 12, lakini hupima usoni mwa Jua. Uga wa korona, tabaka la nje la angahewa ya Jua, hukisiwa kwa hesabu. Isitoshe, hali hugeuka ghafla: eneo 12673 lilikuwa doa la kawaida mwanzoni mwa Septemba 2017, sumaku mpya ikachomoza pembeni yake, na tarehe 6 likatoa mmweko wa X9.3.