Ndege na matunda mwitu Shimba Hills, nani kashaenda asubuhi?

BintiKisauni: Asalam aleikum. Kaskazi limetupika huku mjini, nataka nipande Kwale asubuhi na wanangu tuangalie ndege na tuone matunda gani ya mwitu yameiva, nina hamu na mabungo mie. Nitoke saa ngapi, na hao ndege nawapataje? Nina darubini ndogo tu.

YakheLikoni: Waaleikum salam dadangu. Vuka feri usiku usiku, uwe langoni saa kumi na mbili, manake jua likishakuwa kali ndege wananyamaza wanaingia kivulini. Halafu usitafute ndege, tafuta mti wenye matunda. Ukipata mkuyu umeiva pale msitu wa Makadara tulieni kimya, kwanza mtaskia vitu vinadondoka kwenye majani makavu, ukiinua darubini ni hondohondo huyo, anachuma tunda kwa ncha ya mdomo, analirusha kidogo, analidaka kooni. Ninga nao wamo humohumo lakini rangi yao ni ya majani kabisa, mpaka mmoja asogee ndo unajua mti umejaa. Na shorobo akiruka utayaona mabawa mekundu, wallahi hiyo peke yake yatosha safari. Kokwa wanazomeza wanakwenda kuzitema mbali, ndo msitu unavyopandwa huo.

MamaKombani: Mabungo angalia kwa macho tu mwanangu, mle ndani usichume. Ile ni hifadhi tangu 1968, na hayo matunda ndo chakula cha nyani na ndege, nachukia sana nikiona watu wanatoka na mifuko. Ukitaka ya kula waulize wenye mashamba huku nje, zikiwa zimeiva watakuuzia na zambarau pia. Bungo lililoiva limegeuka rangi ya chungwa, la kijani liache.

Salim_wa_Tudor: Tembo wapo jamani, msishuke garini ovyo na watoto. Kutembea kwa miguu nendeni na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, huwa wanasindikiza watu hadi maporomoko ya Sheldrick. Na mkiwa garini angalieni palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu, Kenya nzima wamebaki hapo tu.

BintiKisauni: Ahsanteni sana. Mamangu wa Kombani, mashamba hayo ni kabla ya Kwale mjini au ukishapita?

MamaKombani: Kabla. Ukiacha barabara ya Ukunda ukaanza kupanda, uliza tu.