Bowa ya musimu: frigo, konjela, jua ao moshi, ipi inachunga muzuri?

Mwana Katuba
Jambo ba jamaa. Mvua imeshashika, ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, bamama banaleta bowa (uyoga) tangu asubui, na ku barabara ya Kasumbalesa beseni zimejaa, ile manjano (shanterele) na ile kubwa ya kichuguu. Nataka ninunue mingi, ingine tukule sasa na bukari, ingine ibakie paka mwezi wa saba wakati bowa mubichi haionekane tena. Niko na frigo na kakonjela kadogo (ya kugandisha chakula), lakini umeme munajua vile inaenda inarudi. Munilinganishie bintu hizi ine: frigo, konjela, jua, moshi. Na pale ku soko naangalia nini juu nisiuziwe ya jana?

Mama Ruashi
Mwanangu anza na kununua muzuri, juu bowa yenye imeshaanza kuoza hakuna frigo itaiponyesha. Geuza kofia uangalie chini. Ile ya kichuguu ikiwa mupya kofia inakuwa bado imefunga kidogo na mikunjo ya chini iko nyeupe, vile inazeeka kofia inafunguka inapasuka ku mupaka na mikunjo inaingia rangi ya waridi. Ya waridi si mubaya, lakini ipike siku ile ile, usiipeleke ku frigo. Kisha omba muuzaji akukatie muguu moja katikati, ukiona vitobo vidogo vidogo ni funza, na funza mara mingi inaanzia chini inapanda ku kofia, kama iko ku muguu tu unakata unatupa, kama imeshafika juu acha. Shanterele yeye funza haimupende sana. Yake unanusa: mupya inanukia kama matunda, na ukiibonyeza inarudi. Ikikuwa na utelezi, ao mupaka umekuwa mweusi na maji maji, ao harufu ya samaki, pita. Na angalia chini ya beseni, kama maji inasimama pale njo bamemwangia juu ing'ae na ipime zaidi. Mi ninapenda ile ingali na udongo ku mizizi, udongo nitapangusa mwenyewe ku nyumba.

Fundi wa Baridi
Ku mambo ya frigo. Uyoga ni maji karibu asilimia 90, na hata ukishauchuma ungali unapumua. Ukiuweka mu saché na ukafunga, ile maji inatoka inarudi inaukalia, kesho unakuta utelezi. Weka mu kapu ao mu karatasi, funika na kitambaa kikavu, na usiuoshe mbele ya kuweka. Hapo shanterele inaweza kumaliza karibu wiki moja, ya kichuguu siku moja ao mbili tu.

Konjela ni muzuri lakini usitie mbichi. Barafu inapasua nyama ya uyoga kutoka ndani, ukitoa inakuwa uji, na shanterele mbichi mu konjela mara mingi inatoka chungu. Ikaange kwanza na chumvi kidogo paka maji yake yenyewe ikauke, iache ipoe kabisa, kisha tengeneza mafungu madogo, bapa, kila fungu chakula ya mara moja. Na juu ya umeme: konjela yenye imejaa na haifunguliwe inashika baridi karibu masaa 48, ikijaa nusu ni karibu 24. Njo maana yako kadogo jaza nafasi na chupa za maji ya barafu, na umeme ikikatika hakuna mutu afungue. Ukikuta fungu limelainika lakini lingali baridi kama ya frigo, pika leo. Kama limeshapata joto, tupa.

Kadogo wa Kipushi
Mi sikubali konjela kwa mutu mwenye umeme yake si ya kuaminia. Kwetu tunakausha na inafika mwaka ingine. Kata vipande vyembamba, nusu sentimetre hivi, panga juu ya kipande cha chandarua chenye umekaza ku mbao ine, hewa ipite juu na chini. Usitandaze ku bashi chini, upande wa chini unabakia mubichi na vumbi inaingia. Jua ikiwa kali siku mbili tatu inatosha, na ukigeuza mikunjo iangalie jua uyoga unatengeneza vitamini D, hii ni jambo ya kweli imepimwa. Usiku ingiza ndani, umande unarudisha kazi yote nyuma.

Shida ni kwamba bowa inatoka wakati wa mvua, na jua ya mwezi wa kwanza ni ya kuiba. Hapo ni mbabula (jiko ya makala): makala kidogo, funika na majivu, chandarua ikae juu mbali kiasi ya kuweka mukono bila kuungua. Moto ikizidi inapika, haikaushe, nje inakuwa ngumu nyeusi na ndani iko maji. Na mbabula ibakie nje ku lupango ao chini ya paa yenye haina ukuta, usilale nayo mu chumba, gazi ya makala inaua.

Kujua kama imekauka: ukikunja inavunjika na sauti. Ikipinda tu, bado. Kilo kumi ya mbichi inakupatia kama kilo moja.

Nguba243
Mie niko Bukavu, huku mvua haituachi kabisa kwa hiyo namuunga mukono Kadogo juu ya mbabula. Naongeza: ukishaweka ndani ya chupa ya kioo na kifuniko, angalia kesho yake asubuhi. Ukiona mvuke ndani ya kioo, toa yote urudishe kwa moto, maana ni ukungu utafuata. Swali langu: shangazi yangu anatia uyoga wa kukaanga ndani ya mafuta na vitunguu saumu, anaiacha kwenye kabati, ni sawa?

Fundi wa Baridi
Hapana yaya, umwambie shangazi kwa heshima lakini umwambie. Mafuta inafunga hewa, na kuko kidudu kinaitwa klostridiumu botulinumu kinapenda paka hapo: haina hewa, haina asidi, haina baridi. Sumu yake haibadilishe harufu wala ladha na inashika mishipa paka pumzi inakata. Kama anataka mafuta, akae nayo mu frigo na wamalize mu siku chache.

Mwana Katuba
Asanteni sana. Na hii ya kupika na kitunguu, kikikuwa cheusi njo uyoga ni wa sumu, ni kweli?

Mama Ruashi
Mwanangu, hiyo itakuzika. Wala kitunguu, wala kijiko ya feza, wala kusema funza imekula basi na mutu anaweza kula. Kuko uyoga nyeupe wa jamii ya amanita wenye unafanana na ya kukula, na sumu yake haitoke na kupika, wala kukausha, wala baridi. Ubaya wake ni kwamba mutu anakula anasikia vizuri, kutapika na kuharisha inaanza nyuma ya masaa sita ao zaidi, kisha inapoa kidogo unafikiri imepita, wakati ule ini inaharibika. Mutu akitapika masaa mingi nyuma ya kula bowa, hata siku ingine, anaenda hospitali, na kipande ya ile bowa aende nayo. Ya kukausha nunua kwa mama mwenye unamujua, na ikaushe mwenyewe, juu ikishakuwa vipande hakuna mutu anaweza kukuambia ilikuwa gani.

Kadogo wa Kipushi
Tena muulize ilichumwa wapi. Uyoga unavuta chuma za udongo, kando ya viwanda vya shaba na kobalti hata ikiwa mizuri namna gani mi silete ku nyumba. Kuosha haiondoe kitu.

Mwana Katuba
Sawa mama, sawa kaka. Basi ya kichuguu naikausha, shanterele naikaanga naweka ku konjela. Ama shanterele nayo ikauke?

Mama Ruashi
Ikauke kama unataka, lakini ikishakauka inakuwa ngumu, hata uiloweshe usiku muzima inabakia ya kutafuna. Yake itwange paka unga, ichunge mu chupa, unatia kijiko moja mu supu ao mu kalembula (majani ya viazi vitamu) na karanga. Maji ya kuloweshea ile ya kichuguu usiimwange, chuja na kitambaa, muchanga ubakie, maji itie mu sufuria.