MJADALA: Bodi ya Mikopo inajua nani kaajiriwa. Mwombaji wa chuo mbona haambiwi?

Mpiga Hesabu (mleta mada)
Wakuu, msimu wa udahili ndio huu, vijana wa Kidato cha Sita wanaulizana mitandaoni kozi gani "ina soko". Fungueni mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu: kuna jina la kozi, sifa za kujiunga, miaka ya masomo, idadi ya nafasi. Waliomaliza kozi hiyo miaka mitatu iliyopita wako wapi? Kimya.

Na taarifa zipo. HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, wana namba yako ya mtihani wa Kidato cha Nne, wanajua chuo na kozi waliyokulipia. Mwajiri akiajiri mhitimu, sheria inamtaka awaarifu ndani ya siku 28. Mifuko ya pensheni, NSSF na PSSSF, inaona mchango wako unatoka kwenye mshahara gani. Unganisha hivyo vitatu, utajua kwa kila kozi na kila chuo wangapi walipata ajira rasmi ndani ya mwaka, na mshahara wa mtu wa katikati ni kiasi gani. Majina ya watu hayahitajiki. Ichapishwe kwenye mwongozo, kabla ya sifa za kujiunga. Fedha za mikopo ni zaidi ya shilingi bilioni 700 kwa mwaka, na anayekopa anasaini akiwa gizani.

(Ingawa hata bila data tunajua Sosiolojia na Sayansi ya Siasa zitatoka na namba gani.)

Binti Sosio
Nimesoma vizuri mpaka nilipofika kwenye mabano. Kaka, huo mdomo umeutoa wapi? Mimi nina hiyo Sosiolojia, niko kwenye mradi wa barabara, upande wa fidia na kuhamisha watu. Wahandisi wenu wanachora mstari unapita juu ya makaburi, halafu simu napigiwa mimi nikaongee na wazee. Mradi wa fedha za Benki ya Dunia hauanzi bila kazi ya mtu kama mimi.

Fundi Umeme 07
Wewe umepata, hongera. Wangapi wa darasa lako wamepata? Ndicho anachouliza mleta mada.

Binti Sosio
Hajauliza. Kahukumu.

Ngariba wa Hoja
Rais Samia kasoma utawala wa umma, Mzumbe enzi chuo kikiitwa IDM, mwaka 1986. Si uhandisi wala udaktari. Endeleeni kudharau kozi za kuongea.

Fundi Umeme 07
Kwa hiyo TCU waandike kwenye mwongozo: ajira tarajiwa, urais? Nafasi moja, usaili kila miaka mitano.

Ngariba wa Hoja
Na wewe uliyesoma umeme mbona saa nne asubuhi uko humu unabishana?

Fundi Umeme 07
Tanesco wamekata, nasubiri umeme urudi nimalize kazi ya mtu 😂

Chaki Nyeupe
Mnacheka. Mimi nimemaliza ualimu 2016, Historia na Kiswahili. Nilipoomba mkopo niliambiwa ualimu ni kipaumbele, chukua bila wasiwasi. Mpaka leo sijashika chaki ya serikali. Natuma maombi kila tangazo likitoka, nimefundisha shule binafsi kwa mshahara wa kuahidiwa, sasa nina kibanda cha miamala.

Hoja yangu kwa Mpiga Hesabu ni moja. Hiyo namba yako itasema ualimu hauna soko. Shule ya msingi iliyo jirani na kibanda changu ina darasa moja la watoto zaidi ya mia. Mahitaji yapo. Asiyekuwepo ni mwajiri mwenye kibali na bajeti. Namba itamlaumu aliyesoma wakati kosa limekaa Dodoma kwenye makabrasha. Wenzetu wa NETO, umoja wa walimu wasio na ajira, walipojikusanya 2025 kuliuliza hilo mnajua walivyopokelewa.

Mpiga Hesabu
Mwalimu, ungeoneshwa namba hiyo ungali Kidato cha Sita, ungechagua ualimu?

Chaki Nyeupe
Ningechagua. Ila nisingeukopea.

Shangazi wa Kibaha
Samahani wanangu, mimi mambo ya data siyajui. Binti yangu amemaliza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), daraja la pili. Yeye anataka Maabara, baba yake anataka Uuguzi. Ipi ina kazi?

Ngariba wa Hoja
Mama, hiyo ni mada nyingine, fungua uzi wako.

Fundi Umeme 07
Chuo cha ufundi VETA, shangazi.

Mbeba Boksi
Niko Marekani. Huku kuna kitu kinaitwa College Scorecard, kipo tangu 2013. Unaandika chuo, unaona kipato cha waliosoma pale, wanakitoa kwenye kumbukumbu za kodi. Ni wale tu waliopata msaada wa masomo wa serikali kuu, yaani mfano wake kwetu ni wanufaika wa HESLB. Kwa hiyo anachosema mleta mada si ndoto. Tatizo lake ni kwamba chuo kinachotoa walimu na watu wa ustawi wa jamii kinaonekana hovyo kwa sababu mishahara yao ni midogo, hata kama kila mhitimu ana kazi.

Mtoto wa Manzese
Haya, wabeba boksi wameamka. Kila mada "huku kwetu". Mmekimbia deni la Bodi halafu mnatufundisha uwazi.

Mbeba Boksi
Deni langu nimelimaliza 2022 na hati ninayo. Unataka niibandike hapa?

Mtoto wa Manzese
2022! Ulisubiri Mama Samia afute ile asilimia 6 ya kutunza thamani mwaka 2021 ndipo ukalipa. Mjanja. Sisi tuliokatwa miaka yote ile nani anaturudishia?

Bi Makato
Afadhali mmeigusa. Tangu 2016 ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kabla ya hapo ilikuwa 8. Weka PSSSF, weka bima, weka kodi, weka chama cha wafanyakazi ambacho sikumbuki kujiunga nacho. Ndiyo maana sitaki kusikia habari za kuunganisha mifumo. Ikiunganishwa, kinachokuja ni makato mapya.

Mpiga Hesabu
Dada, mifumo ya kukukata imeshaunganishwa. Nazungumzia kukuonesha.

Bi Makato
Walisema hivyo hivyo kwenye usajili wa laini za simu.

Afisa Utumishi Mstaafu
Nimekaa ofisi ya rasilimali watu miaka mingi, niseme kidogo. Mwajiri binafsi anaajiri kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, NSSF hapeleki, Bodi haarifu. Kijana huyo kwenye namba zenu hana kazi. Mwenye duka la dawa, anayelima tikiti Kilwa, anayefundisha watoto nyumbani Masaki, wote hawaonekani. Halafu majina. Cheti cha Kidato cha Nne kinasema Joseph, kitambulisho cha NIDA kinasema Yusuph, benki ina majina mawili na mfuko wa pensheni una matatu. Hati za viapo nilizopokea zingejaza chumba. Hapo mtaunganisha nini na nini?

Mpiga Hesabu
Mzee, shikamoo. Hoja ya waliojiajiri naikubali, ndiyo maana nimeandika "ajira rasmi". Ya majina siikubali. Mwaka 2017 vyeti vya watumishi vililinganishwa na kumbukumbu za NECTA, baraza la mitihani, wakapatikana 9,932 wenye vyeti feki wa kuondoa. Sikusikia mtu akisema Joseph na Yusuph vinatusumbua. Ikifika kumfukuza mtu, kumbukumbu zinasomana. Ikifika kumshauri binti wa shangazi hapo juu, ghafla mifumo haiongei.

Mtoto wa Manzese
Vyeti feki tena! Wale walitakiwa wafungwe.

Chaki Nyeupe
Wafungwe nani? Kuna wauguzi waliofanya kazi miaka ishirini na kitu, mikono yao imezalisha nusu ya wilaya, wakaondoka bila hata michango yao. Mpaka 2022 ndipo iliporuhusiwa warudishiwe walichochangia.

Mtoto wa Manzese
Cheti ni cha mtu mwingine, mkono wa kuzalisha unatusaidia nini? Utakubali rubani wa hivyo?

Afisa Utumishi Mstaafu
Marahaba, Mpiga Hesabu. Ila usiseme majina hayakusumbua. Rufaa zilikuja, na wapo walioonekana hawana hatia. Nilizipokea mimi, si wewe.

Binti Sosio
Haya, na mimi niulize. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mshahara wangu niliupeleka PSSSF kwa ajili ya pensheni, si kwa ajili ya kupamba mwongozo wa TCU. Kozi yenye wahitimu wanane chuo kidogo, ukiandika "watatu wana ajira", kijiji kizima kinawajua watano waliobaki. Huo "mshahara wa katikati" wa watu watatu ni mshahara wa mtu fulani mwenye jina.

Mpiga Hesabu
Kozi yenye wahitimu chini ya thelathini isioneshwe, au miaka iunganishwe. Hilo ni jambo la kupanga.

Binti Sosio
Umeona? Huko kupanga ndiko tunakosomea sisi wa kozi za mabano.

Fundi Umeme 07
Dada huyu ana kisirani 😂

Ngariba wa Hoja
Mnasumbuka na namba za nini? Ule usaili wa TRA, mamlaka ya mapato, nafasi zilikuwa elfu moja na mia ngapi sijui, waombaji laki na ushee. Wote wale wangesoma mwongozo wako, Mpiga Hesabu, nafasi zingeongezeka?

Bi Makato
1,596. Waombaji zaidi ya 135,000, mwaka 2025. Mdogo wangu alikuwemo, suti ya kuazima.

Mpiga Hesabu
Zisingeongezeka. Ila wangejua mapema, na mwingine asingeikopea miaka minne.

Chaki Nyeupe
Aende wapi sasa? Hiyo safu ijayo ya mwongozo wako ndiyo hujaiandika.

Damu na Mkojo
Nimepita kwa kuchelewa, nimeona swali la shangazi limerukwa. Mimi ni wa maabara, hospitali ya wilaya. Shangazi, kazi zote mbili zina baraza: wauguzi wana lao, sisi tuna letu la wataalamu wa maabara za afya. Bila usajili na leseni hai hufanyi kazi, kwa hiyo mabaraza yanajua nani bado yuko kwenye taaluma, awe serikalini, hospitali ya dini au maabara ya mtaani. Mleta mada angeanzia huko kabla ya kukimbilia mifuko ya pensheni.

Kwa binti: muuguzi anatakiwa wengi kila kituo, wa maabara anatakiwa mmoja au wawili. Ila muuguzi ana zamu za usiku na ndugu wa mgonjwa, mimi nina darubini na ukimya wangu. Aombe ruhusa akae wiki moja kila upande ndipo achague, na baba yake aambiwe asubiri.

Shangazi wa Kibaha
Asante sana mwanangu, Mungu akubariki. Na mkopo je, zote mbili wanatoa?

Ngariba wa Hoja
Bi Makato, njoo, unaitwa.