Apu za bure za kutafuta mwenzi: ipi inatufaa sisi wa Malindi na Lamu?

Fundi wa Barani
Habari zenu wanajamvi. Mimi ni fundi umeme, kazi zangu ni Malindi mjini na Watamu. Natafuta mtu wa kuoa, si wa kupitisha wikendi. Kulipia apu kila mwezi sitaki, bando lenyewe linanitosha kunimaliza. Nimezipitia nne: Tinder, Badoo, OkCupid na Bumble. Tinder huwezi kumwandikia mtu mpaka mpendane nyote wawili, laiki zina kikomo kwa siku, na kujua nani kakupenda ni mpaka utoe pesa. OkCupid inakuhoji maswali kibao kisha inakupa asilimia ya mnavyolingana. Hilo nalipenda, lakini watu wa huku kwetu humo ni wachache mno. Badoo ndiko waliko watu. Mliozitumia nipeni ukweli, hasa upande wa usalama.

Bi Kikoi
Kaka, kwa mwanamke hizo nne si sawa hata kidogo. Badoo nikifungua asubuhi nakuta "mambo mrembo" zimejaa, na nusu yao hata wasifu wangu hawajausoma. Bumble ilibuniwa mwanamke ndiye aanze, na mkipendana pakapita saa 24 bila neno, imekwisha. Ndiyo niliyobaki nayo. Watu ni wachache, ila kichwa kimetulia.

Halafu msidanganywe na ile alama ya kuthibitishwa. Unapiga selfi, wanailinganisha na picha zako, basi. Inakuhakikishia kuwa uso ni wake. Haikwambii kama ana mke Kisumu Ndogo.

Jahazi_Mkomani
Nyinyi wa Malindi mna raha, mji mkubwa. Hapa Amu, yaani Lamu mjini, tatizo si mgeni, ni jirani. Apu inaonyesha umbali, na mji wenyewe ndio huu. Ukiona kilomita tatu ujue huyo yuko Shela. Ukiona kilomita moja unaanza kuhesabu nyumba. Kule Tinder kuficha umbali ni jambo la kulipia, lakini simu yenyewe inasaidia bure: Android kuanzia toleo la 12 ina sehemu ya kuipa apu mahali kwa kukadiria tu. Ingia kwenye mipangilio, ruhusa za apu, zima mahali kamili. iPhone nazo wanayo.

Na kwa anayetafuta ndoa kweli, mbona hujaitaja Muzz? Ni ya Waislamu, unaweza kuficha picha mpaka umkubali mtu, na ukitaka unamweka walii, yule msimamizi wa ndoa wa mwanamke, aone mnachoandikiana.

Bi Kikoi
Walii asome ninavyochati? Kaka yangu huyu ninayemjua mimi? Hapana, ahsante.

Jahazi_Mkomani
Si lazima, bi. Ni hiari. Dada yangu aliiwasha, na wababaishaji wakakimbia wenyewe bila kufukuzwa. Hilo pekee lina thamani yake.

Fundi wa Barani
Mimi ni Mgiriama, Mkristo, Muzz haina yangu. Ila hiyo ya kukadiria mahali nimeifanya sasa hivi.

Kasa wa Watamu
Acheni kidogo apu ipi ni bora. Badoo na Bumble ni za kampuni moja, na Tinder na OkCupid zote ni za Match Group, kwa hiyo mnalinganisha milango ya maduka mawili. Kinachowaumiza watu ni pale mnapotoka kwenye apu.

Dakika tano tu mtu anakwambia "nipe WhatsApp". Hapa Kenya ukimpa namba umempa na jina. Anaingia M-Pesa, anaweka namba yako kama anataka kukutumia shilingi kumi, jina ulilosajilia laini linatokea, anaghairi. Hajatumia hata senti na tayari ana jina la kukutafutia Facebook, kazini na kanisani. Bakini kuchati ndani ya apu mpaka mmeonana kwa simu ya video. Anayekwepa video kila siku, mara kamera mbovu, mara mtandao, huyo mwache.

Upanga huo unakata huku pia. Rafiki yangu alikuwa na "Mwitaliano mwenye nyumba Casuarina", wanaandikiana mapenzi usiku kucha. Siku moja anaombwa pesa kidogo kwa namba ya "dereva wake". Akaiweka, likatokea jina la mtu aliyesoma naye shule ya msingi. Ndiye Mwitaliano mwenyewe.

Mzee wa Gede
Mwanangu, na ile ya zawadi imekwama uwanja wa ndege Mombasa bado ipo. Simu mpya, saa ya dhahabu, kisha unaambiwa lipa ushuru. KRA, mamlaka ya kodi, haipokei ushuru kwenye namba ya mtu binafsi. Ukisikia hivyo usijibu tena, zuia namba. Picha alizokutumia zipitishe kwenye Google Lens, mara nyingi utamkuta mwenye sura yake halisi nchi nyingine na jina jingine.

Bi Kikoi
Na picha za utupu msitume, hata kwa mnayempenda. Wakishakutisha nazo usilipe, kwa sababu akilipwa leo atarudi mwisho wa mwezi. Piga picha ya skrini ya vitisho kabla hujamzuia, nenda polisi. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inamhusu anayesambaza picha za faragha za mwenzake: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote.

Fundi wa Barani
Nimewaelewa. Nabaki na Badoo kwa sababu ya watu, na Bumble nijaribu bahati. Kuna mmoja wa Watamu tumeshaonana kwa video. Anasema tukutane Silversands jioni.

Bi Kikoi
Jioni ufukweni na mtu hujamwona ana kwa ana? Mwambie mchana, mkahawa wa Lamu Road, penye watu. Kila mtu aje kwa nauli yake na arudi kwa tuktuk yake, na umwachie mtu wako jina lake na saa ya kurudi. Akikataa mchana, muulize kwa nini.

Jahazi_Mkomani
Lamu Road nyinyi mnayo. Sisi tukutanie wapi, Mkunguni mbele ya ngome? Kabla kahawa haijapoa mama yangu ashapigiwa simu.

Kasa wa Watamu
Panda boti hadi Mokowe, chukua basi uje Malindi. Ukiona safari ndefu, basi hujampenda hivyo.